Mwenye mkahawa Marekani: dai nafuu ya kodi ya bakshishi ya miaka iliyopita
Habari zenu, karibuni. Leo nazungumza na wewe mwenye mkahawa hapa Marekani, unayeajiri wahudumu wanaoachiwa bakshishi, hizi tipu. Mteja akimpa mhudumu dola 10, wewe mwajiri unazilipia asilimia 7.65 za Social Security na Medicare, yaani mifuko ya serikali ya pensheni na ya matibabu ya wazee, ingawa pesa yenyewe hukuigusa. Sheria inakupa nafuu ya kodi kwa sehemu kubwa ya mchango huo, na kama hukuidai, bado unaweza kurudi nyuma.

Kwanza, weka kando fomu 941-X, ile ya kurekebisha kodi za mishahara. Wengi huikimbilia kwa sababu ndiyo iliyotumika kudai nafuu ya mishahara ya wakati wa korona. Madai mapya ya ile yalifungwa 15 Aprili 2025. Akikupigia mtu leo kukuahidi hiyo, mkatie simu. Nafuu ya bakshishi inapitia kodi ya mapato, kwa fomu 8846.

Angalia muda. Una miaka 3 tangu uwasilishe ritani, yaani fomu ya kodi ya mapato ya mwaka, au 2 tangu ulipe kodi, wowote utakaochelewa kuisha. Ritani ya 2023 uliyowasilisha kwa wakati, bila kuongezewa muda, mwisho wake 15 Aprili 2027.

Sasa hesabu, na hapa tusiharakishe. Toa rekodi za mishahara: kila mhudumu, mwezi kwa mwezi, saa alizofanya, mshahara wake, na bakshishi aliyokuripotia. Ile asilimia 18 mnayoibandika kwenye bili ya meza yenye watu wengi iondoe. Kwa IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, huo ni mshahara, hata kama mmempa mhudumu yote.

Tazama mfano. Mhudumu kafanya saa 100 kwa mwezi, unamlipa dola 2.13 kwa saa: dola 213. Kipimo cha sheria kwa mikahawa ni dola 5.15 kwa saa, yaani 515. Tena kipimo hicho ni cha 2007, hakijapandishwa, na hilo ni heri kwako. Pengo ni 302, na bakshishi inayoliziba haihesabiwi kwenye nafuu. Kama bakshishi ilikuwa 1,200, toa 302, inabaki 898. Zidisha kwa asilimia 7.65: dola 68.70. Mtu mmoja, mwezi mmoja. Ukimlipa dola 5.15 au zaidi kwa saa, bakshishi yote inaingia.

Jumla ya mwaka iandike kwenye 8846, ipeleke fomu 3800, inayojumlisha nafuu za kodi za biashara, kisha ambatisha zote kwenye ritani ya marekebisho: 1040-X kama biashara ni yako peke yako, 1120-X kama ni kampuni inayolipa kodi yake yenyewe. Mkiwa wabia, au kampuni ya aina ya S, nendeni kwa mhasibu. Nafuu inagawanywa kwa kila mwenye fungu, na utaratibu wake ni mwingine.

Hapa ndipo watu husahau: kiasi ulichodai kama nafuu kipunguze kwenye gharama za biashara za mwaka huohuo. Huwezi kula pande zote mbili.

Kama mwaka huo hukuwa na kodi ya kutosha, hutatumiwa hundi ya kilichobaki. Kinarudishwa mwaka mmoja nyuma, kisha kinasogezwa mbele hadi miaka 20.

Fungua 1040-X tofauti kwa kila mwaka. Baada ya wiki 3 hivi unaweza kuifuatilia kwenye tovuti ya IRS. Majibu huchukua wiki 8 hadi 12, wakati mwingine 16.