Daftari la Zamu

Shikamooni wazazi wangu mliokaa mbele. Na nyie mliokuja moja kwa moja kutoka zamu ya usiku, hospitali za Mawenzi na KCMC, poleni na kazi. Mkisinzia sitawataja.

Nimekaa Marekani miaka kumi na moja, na tisa kati ya hiyo kazi yangu ilikuwa kuwashauri vijana wanaoomba vyuo vya PA, yaani "physician assistant", msaidizi wa daktari. PA wa kule anapima mgonjwa, anatambua ugonjwa, anaandika dawa, akifanya kazi bega kwa bega na daktari. Ukimtazama utasema huyu ni tabibu wetu kabisa. Kada yenyewe ilianzia Chuo Kikuu cha Duke mwaka 1965. Daktari Eugene Stead aliwachukua wanamaji wanne waliokuwa wamezoea kuhudumia majeruhi jeshini, wakahitimu watatu Oktoba 1967. Mwaka ule sisi huku tulikuwa na Azimio letu la Arusha.

Sasa swali ninaloulizwa kila nikishuka Moshi: "Kaka, nina diploma ya utabibu, naweza kwenda kufanya kazi ya PA?" Hapana. Leseni yao inataka mtihani wa taifa, na mtihani huo unafanywa na aliyehitimu chuo cha PA kilichopata ithibati kulekule. Hata kama umekuwa mganga mfawidhi wa zahanati miaka kumi, utaanzia darasani. Na ili ukae kwenye hilo darasa, vyuo karibu vyote vinataka shahada ya kwanza. Naona nyuso zimekunjamana. Afadhali mnikasirikie mimi leo, kabla hamjalipa ada za maombi.

Lakini kuna kitu mnacho ambacho kijana wa Kimarekani anakihangaikia usiku na mchana: saa za kumhudumia mgonjwa. Vyuo vingi vinataka mwombaji awe nazo mamia, vingine 1,000, vingine 2,000. Kijana wa kule anatafuta kazi ya kuogesha wazee kwenye nyumba za kulelea ili azipate. Wewe ukifanya kazi saa nane, siku tano kwa wiki, mwaka mzima unakupa saa 2,080 kabla hatujatoa likizo. Tatizo ni kwamba ukiulizwa ulifanya nini, lini, na nani alikusimamia, unakuna kichwa.

Niwape habari ya dada mmoja aliyekuwa tabibu huku juu, upande wa Kibosho. Alihamia kule, akasoma hadi shahada, akaja kwangu na rasimu ya insha. Mstari wa kwanza: "Tangu utotoni nilitamani kuokoa maisha ya watu." Mdogo wangu, sentensi hiyo nimeisoma mpaka naiota. Insha yenyewe haizidi herufi 5,000, nafasi kati ya maneno zikihesabiwa, na yeye alikuwa ametumia robo nzima kueleza utoto. Nikamwambia weka karatasi chini, nisimulie mgonjwa mmoja.

Akanisimulia bibi aliyekuja mara ya tatu, presha iko juu vilevile, na anaapa dawa anakunywa. Mwingine angeongeza dozi. Yeye akasema, bibi, hebu nione hizo dawa. Bibi akafungua pindo la kanga. Vidonge vyote vimekatwa kwa kisu, nusu nusu. Nusu anakunywa yeye, nusu anampa mzee wake, naye ana presha na hajawahi kukanyaga zahanati.

Akanyamaza, akaniuliza, "Hiki nacho ni cha kuandika?" Ndicho! Anayesoma maombi anataka kujua ukikaa na mgonjwa unaona nini. Pindo lile la kanga lilimwonyesha.

Insha ilikuwa nzuri. Mimi ndiye niliyemwangusha. Nilimhakikishia kwamba anatomia aliyosoma Tanzania itakubaliwa, kwa kuwa transkripti ilishafanyiwa tathmini ya kulinganishwa na masomo ya kule. Chuo alichokitaka kilikuwa kimeandika wazi kwamba masomo ya msingi ya sayansi lazima yasomwe Marekani. Vingine vinakubali, hicho hakikukubali, na mimi sikusoma ukurasa ule mpaka mwisho. Akapoteza mwaka, akarudia anatomia kwa hela yake. Hakunitukana, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Kwa hiyo mtu akikwambia "itakubaliwa tu", hata kama ni mimi, kiandikie chuo chenyewe.

Dirisha la maombi hufunguliwa mwishoni mwa Aprili, na vyuo vingi huanza kuwaita watu kwenye usaili huku maombi mengine bado yanaingia. Anayesubiri siku ya mwisho anagombea viti vilivyobaki.

Ndiyo, dada mwenye kitenge. Uko mapokezi, unaandikisha kadi, saa zako zinahesabiwa? Zinahesabiwa, ila kwenye kapu la pili. Wao wanatenganisha aliyemgusa mgonjwa na aliyekuwa jirani na huduma. La kwanza ndilo lenye uzito. Wakikuruhusu na kukufundisha kupima presha, andika tarehe uliyoanza.

Haya, nani hana kalamu? Tuanze na zamu ya jana usiku. Saa uliyoingia, saa uliyotoka, aliyekusimamia. Kisha mgonjwa mmoja, bila jina lake, na kitu kimoja ulichokiona kwake. Nawapa dakika kumi.