Urudi na Gari Lako au Ununue Nyumbani? Anza na Kalenda

Mhadhara kwa Wakenya na majirani zao walioko Uingereza wanaojiandaa kurudi nyumbani

Ndugu zangu, habari za jioni. Nawashukuru kwa kuja, na nawashukuru walionialika.

Kazi yangu ni uwakala wa forodha Mombasa. Magari ya watu wanaorudi nyumbani hupita mikononi mwangu mwaka mzima, na swali ninaloulizwa kwa simu kutoka huku ni lile lile: nije na gari langu, au niliuze ninunue jingine nikifika? Anayeuliza huwa ameshatafuta nauli ya meli, ameshaangalia bei za yadi za Ngong Road, na sasa anataka nimwambie ipi ni nafuu. Mimi humwuliza tarehe kwanza. Gari lilisajiliwa lini kwa mara ya kwanza? Umelimiliki tangu lini? Unahama lini? Majibu ya hayo matatu mara nyingi humaliza mjadala kabla hatujagusa pesa, na ndiyo sababu nimeomba kuzungumza na ninyi leo, mkiwa bado mna muda, kuliko kuzungumza nanyi gari likiwa tayari liko bandarini.

Tuanze na haki yenu wenyewe. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, katika Jedwali la Tano, inamruhusu mtu anayehamishia makazi yake kwetu kuingiza gari moja bila ushuru. Awe ametimiza miaka 18. Gari liwe lake, na awe amelitumia nje ya nchi za Jumuiya kwa miezi 12 au zaidi, bila kuhesabu muda wa safari ya baharini. Na liingie ndani ya siku 90 tangu afike, ingawa Kamishna anaweza kumwongezea muda akiomba. Kenya inataka pia uwe umeishi nje kwa miaka 2, na katika miaka hiyo 2 ya mwisho usiwe umekaa nchini kwa zaidi ya siku 90 ukijumlisha safari zote. Na usiwe umewahi kupewa msamaha huo kabla.

Naomba tusimame kwenye hizo siku 90 za kujumlisha, kwa sababu ndizo zinazowaumiza watu wetu wengi. Mnajua tunavyoishi. Kuna mazishi, wiki 2. Kuna harusi ya mdogo wako Desemba, wiki 3. Na kuna nyumba unayojenga: fundi hapigi hatua mpaka akuone, kwa hiyo unakwenda mwezi mzima kusimamia mambo ya paa. Safari kama hizo zikijirudia, ukijumlisha mihuri iliyomo kwenye pasipoti unakuta siku 100 na kitu, na hakuna hata moja uliyokwenda kustarehe. Afisa wa ushuru anahesabu siku. Sababu za safari hazimhusu. Kwa hiyo mtu anayejua atarudi baada ya miaka 2 aandike kila safari ya nyumbani, na yule ndugu anayeweza kusimamia fundi kwa niaba yake apewe kazi hiyo mapema.

Msamaha huu una thamani gani? Tangu Julai 2023 ushuru wa forodha wa gari Kenya ni asilimia 35. Chukua gari ambalo Mamlaka ya Ushuru imelithamini kwa shilingi 1,000,000, lenye injini ya sisi 1,800. Ushuru wa forodha ni 350,000. Ushuru wa bidhaa, asilimia 25, unatozwa juu ya jumla ya hizo mbili, yaani 337,500. Kisha VAT ya asilimia 16 inatozwa juu ya vyote hivyo, 270,000. Jumla ni 957,500, na bado ada ndogondogo za uagizaji hazijaingia. Mwenye msamaha na asiye nao wanaweza kusimama kwenye dirisha moja na magari yanayofanana kabisa, mmoja akalipa karibu milioni zaidi ya mwenzake.

Na hapo kwenye kuthaminiwa pana jambo ambalo wengi hawalijui. Thamani hiyo haitoki kwenye risiti yako. Mamlaka ina orodha ya bei za rejareja za magari mapya, na kutoka kwenye bei hiyo inapunguza asilimia fulani kwa kadiri ya umri wa gari. Mtu aliyenunua gari hapa kwa bei ya kutupa kutoka kwa jirani anadhani atatozwa kwa bei ile. Hatatozwa kwa bei ile. Ndiyo maana kwa asiye na msamaha, bei nzuri ya Uingereza humsaidia kidogo sana.

Sasa umri wa gari. Kiwango cha Kenya, KS 1515, hakiruhusu gari lililozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, na msamaha wa ushuru hauondoi sharti hilo. Hesabu inakwenda kwa mwaka wa kalenda: kuanzia tarehe 1 Januari 2026 linalokubalika ni lililosajiliwa 2019 au baadaye, na kila Januari mwaka unasogea mmoja. Linaloangaliwa ni siku ya kufika. Tangu mwishoni mwa 2023, mashambulizi ya Bahari ya Shamu yalipoanza, meli nyingi kutoka Ulaya ziliacha mfereji wa Suez zikaanza kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, na safari ikarefuka. Mwenye gari la mwaka wa mpakani asithubutu kulipakia Novemba. Likifika Januari limeshakuwa kuukuu kisheria, hata kama linang'aa.

Nije kwenye umiliki, na hapa naomba wenye magari ya mkopo wanisikilize vizuri. Wengi wenu mnaendesha magari ya PCP, yaani mkopo wa kulipa kila mwezi wenye malipo makubwa mwishoni. Mnalipa kila mwezi, jina lenu liko kwenye V5C, ile hati ya usajili wa gari ya Uingereza, na mnaliita gari langu. Lakini V5C yenyewe imeandikwa wazi kwamba si uthibitisho wa umiliki. Inamtaja mtunzaji aliyesajiliwa. Mpaka umalize deni, pamoja na yale malipo makubwa ya mwisho, gari ni la kampuni ya mkopo, na kulisafirisha nje bila idhini yao ni kuvunja mkataba. Nimempokea muuguzi mmoja, mama mchapakazi, aliyekuwa na nyaraka zote isipokuwa barua ya kuonyesha kwamba deni limekwisha. Alikuwa amelimaliza deni wiki chache tu kabla ya kupakia, na ikabidi tuanze kubishania ile miezi 12 ihesabiwe kuanzia wapi. Ukitaka kulala usingizi, maliza deni mwaka mmoja kabla ya safari na utunze barua ya kulimaliza. Bima iwe kwa jina lako mwaka huo wote, na risiti za matengenezo zitunzwe. Sheria inasema kumiliki na kutumia, na hayo mawili yanathibitishwa kwa karatasi.

Siku ya kuondoka, sehemu ya V5C inayohusu kusafirisha gari moja kwa moja nje ya nchi hukatwa na kupelekwa DVLA, mamlaka ya usajili wa magari ya Uingereza. Iliyobaki unakwenda nayo, kwani kule nyumbani itatakiwa kwenye usajili. Kodi ya barabara ya miezi kamili iliyobaki utarudishiwa.

Tuseme basi tarehe zote zimekukubali. Je, gari lenyewe linafaa? Hapa maoni yangu ni makali kidogo.

Dizeli za Ulaya za miaka hii, sizipendi kwa safari hii. Magari mapya ya Ulaya yamekuwa ya kiwango cha Euro 6 tangu Septemba 2015, na injini hizo zimetengenezewa dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 10 kwa milioni. Nchi zetu zilipohamia dizeli safi zaidi, Januari 2015, kiwango kilikuwa 50. Ongeza foleni ya Thika Road, ambapo injini haipati mwendo mrefu wa kuchoma masizi, na chujio la moshi linaziba. Kulibadilisha ni ghali, na fundi anayelielewa vizuri si kila mtaa anapatikana. Mwenye gari la petroli au haibridi ana amani zaidi.

Halafu tazama chini ya gari kabla hujalipa nauli. Barabara za huku hunyunyiziwa chumvi kila baridi ikiingia, na kutu huanzia mahali pasipoonekana. Lipandishe kwa fundi, muombe akuonyeshe kwa taa.

Vipuri ndivyo vitakavyoamua maisha yako na gari hilo. Soko letu limejengwa na magari ya Japani, na maduka ya Kirinyaga Road, Nairobi, yamejaa vipuri vyao. Habari njema ni kwamba baadhi ya magari ya hapa ni ndugu wa yale: Honda Jazz ni ile Fit, Toyota Yaris ni ile Vitz ya zamani, Mazda 2 ni Demio, Mazda 3 ni Axela. Mwenye hizo aje nazo bila wasiwasi mkubwa. Mwenye Vauxhall namshauri aiuze hapa hapa, kwani kila kipuri atakiagiza kutoka huku alikotoka.

Na kuna faida moja ya gari lako ambayo pesa haiwezi kuinunua kirahisi kwenye yadi: unalijua. Historia ya MOT yake, ule ukaguzi wa kila mwaka wa Uingereza, iko wazi kwa yeyote mtandaoni, na maili zake kila mwaka. Anayenunua nyumbani lazima aitafute habari hiyo kwa jasho. Akinunua kwa mtu, atoe kwanza nakala ya rekodi za gari kutoka NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani ya Kenya, kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, aone mmiliki ni nani na kama kuna benki inayolidai, kabla hajatoa hata amana.

Kuhusu meli nitapita haraka. Meli ya RoRo, ambayo gari huendeshwa hadi ndani, kwa kawaida ni nafuu, lakini vitu vyako havitakiwi ndani ya gari. Wenye vyombo vya nyumba watafute kontena. Nyaraka zimfikie wakala wako kabla ya meli, maana siku za bure bandarini ni chache, na baada ya hapo stoo inahesabiwa kila siku, Jumapili ikiwamo.

Wenzetu wa Tanzania, sheria ya forodha ni ile ile ya Jumuiya. Kwenu gari la zamani halikatazwi, ila kwa asiye na msamaha hutozwa ushuru wa bidhaa wa nyongeza: asilimia 15 likipita miaka 8, asilimia 30 likipita 10. Ndugu wa Rwanda, Burundi na Kongo, kwenu watu huendesha upande wa kulia, na gari la Uingereza lina usukani usiofaa barabara zenu. Nunueni nyumbani au bara la Ulaya. Na wale mlio na jamaa Marekani au Ghuba wanaorudi Kenya, waambieni hivi: gari la usukani wa kushoto halisajiliwi kwetu, lakini aliyelimiliki miezi 12 anaweza kuliuza na kuomba msamaha kwa gari la usukani wa kulia lisilozidi thamani ya lile. Hati ya mauzo asiitupe.

Kwa hiyo ukiniuliza mimi, asiyetimiza masharti ya msamaha anunue nyumbani, hata kama anaipenda gari yake, na pesa ya nauli aiweke kwenye ukaguzi wa lile atakalonunua. Anayetimiza, mwenye gari la petroli ambalo vipuri vyake viko Kirinyaga Road, aje nalo. Ila asipange kuliuza akishafika ili apate faida. Gari la msamaha likihamishwa kwa mtu asiye na haki hiyo, ushuru uliosamehewa unadaiwa, na daftari la Mamlaka linakumbuka.

Nimemaliza upande wangu. Waliokuja na V5C na pasipoti kama tulivyowaomba, sogeeni meza hii ya mbele tuhesabu tarehe zenu mmoja mmoja, na wenye maswali ya jumla waanze sasa. Naona mama pale nyuma ameinua mkono. Karibu, mama.