Siku Huhesabiwa Tangu Barua: Namna Wilaya ya Shule ya Marekani Inavyoendeshwa

Wazazi na walezi, habari za mchana. Asanteni kwa kuja, najua wengine mmetoka zamu ya usiku na hamjalala.

Tuanze na neno lenyewe. Watoto wakisema "distrikti" hawasemi wilaya kama Kasulu ya Tanzania wala teritwari kama Fizi ya Congo. Marekani ina wilaya za shule zipatazo 13,000, na kila moja ni kama serikali ndogo: ina bodi yake, bajeti yake, na sehemu nyingi inaishi kwa kodi ya majengo na ardhi. Hawaii ndilo jimbo ambalo lote ni wilaya moja. Kwingine, ukihama ukavuka barabara moja tu, basi la shule, fomu za chakula na hata adhabu ya kuchelewa vinaweza kubadilika.

Juu kuna bodi ya shule, kwa kawaida watu 5, 7 au 9, na mahali pengi wanachaguliwa kwa kura. Bodi inamwajiri msimamizi mkuu, supaintendenti, naye ndiye mkubwa wa walimu wakuu. Tanzania tulimzoea Afisa Elimu. Msimamizi huyu ana madaraka kama yake, lakini mwajiri wake, yaani bodi, anakaa mezani mbele ya watu na mlango uko wazi. Bodi inapitisha kanuni, haiendeshi darasa. Ukimpelekea mjumbe wa bodi malalamiko ya alama za hesabu atakurudisha kwa mwalimu, na hajakudharau. Ngazi ni mwalimu, mwalimu mkuu, ofisi ya wilaya, kisha bodi. Anayeruka ngazi anateremshwa, na siku zake zimeshapotea.

Kanuni za wilaya huwekwa kwenye tovuti kwa herufi. Wilaya nyingi huweka mambo ya wanafunzi chini ya herufi J. Texas ni F. Kanuni mpya kwa kawaida husomwa katika mikutano miwili ndipo ipigiwe kura, na mwananchi aliyejiandikisha hupewa dakika 2 au 3 za kusema. Ukitaka kusikilizwa, njoo wakati wa kusomwa mara ya kwanza. Wengi wetu hufika baada ya kura, gari limeshaondoka.

Sasa niseme jambo linalotuponza kuliko yote. Sisi ni watu wa mdomo. Unamkuta mwalimu getini, unamweleza shida ya mtoto, anaitikia kwa tabasamu, unarudi nyumbani ukijua limeshughulikiwa. Halijaanza hata kidogo. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na wilaya ya shule kumbukumbu zake zote ziko daftarini. Karibu kila muda uliowekwa na sheria huhesabiwa tangu tarehe iliyo kwenye karatasi. Barua pepe inatosha. Karatasi iliyochanwa kwenye daftari, yenye jina la mtoto, tarehe na saini yako, inatosha pia. Ipige picha kwanza kwa simu. Kama huna Kiingereza, andika Kiswahili. Kuitafsiri ni kazi yao.

Chukueni mtoto wa darasa la tatu asiyeweza kusoma, au asiyetulia hata dakika tano. Sheria ya elimu ya watoto wenye ulemavu, ambayo mzizi wake ni wa 1975 na leo inaitwa IDEA, inampa mzazi haki ya kuomba tathmini. Unaandika: "Naomba mwanangu afanyiwe tathmini kamili ya elimu maalumu." Wilaya ama inakubali, ama inakataa kwa maandishi na kutaja sababu. Ikikubali inakuletea fomu ya ridhaa. Siku wilaya itakapopokea fomu hiyo ikiwa na saini yako ndiyo inayoanzisha hesabu ya siku 60, isipokuwa jimbo liwe na muda wake. Texas kwa mfano ni siku 45 za shule. Mtoto akionekana anastahili, kikao cha kuandika mpango wake, ule ambao kila mtu anauita IEP, kifanyike ndani ya siku 30. Mpango hupitiwa upya kila mwaka, na tathmini hurudiwa angalau kila baada ya miaka 3.

Angalieni saini zenu. Saini ya kuruhusu tathmini si saini ya kukubali huduma; ni karatasi mbili tofauti. Ya tatu ni ile ya mahudhurio inayozungushwa mezani, ambayo kazi yake ni kuonyesha tu kwamba ulikuwepo. Uliza kila mara: hii ni ya nini?

Kwa watoto wetu hesabu hii huharibika kwa njia mbili zinazopingana. Ya kwanza, mtoto aliyetoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, mwaka jana hajui Kiingereza, akaonekana ana ulemavu. Ya pili ni mtoto mwenye shida ya kweli anayeambiwa asubiri kwanza ajue Kiingereza, ukapita mwaka, ikapita miwili. Kutojua Kiingereza si ulemavu, na wala si sababu ya kuchelewesha tathmini. Mtoto apimwe kwa lugha atakayoweza kuonyesha anachokijua, pale inapowezekana, kwa hiyo itajeni lugha hiyo waziwazi. Wengine hapa, nyumbani mnaongea Kibembe, Kinyamulenge au Kirundi, Kiswahili ni cha sokoni na kanisani. Semeni hivyo. Na kama ni Kiswahili, semeni kama ni cha Bukavu au cha Mombasa, maana mkalimani wa Mombasa akisikia "biko namna gani", yaani mambo yakoje, huenda akasimama njiani.

Hapo ndipo inapoingia ile fomu ndogo ya siku ya kuandikisha inayouliza lugha ya nyumbani. Kuna wazazi wanaoandika Kiingereza wakiogopa mtoto atawekwa nyuma. Matokeo yake hapimwi, na asipopimwa hapati masomo ya Kiingereza anayostahili. Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua mwaka 1974, katika kesi ya Lau dhidi ya Nichols iliyotoka San Francisco, kwamba kumweka mtoto darasani asikoelewa lugha, bila msaada, si kumpa elimu sawa. Majimbo mengi hutumia kipimo cha Kiingereza cha WIDA, ngazi 1 hadi 6, na mwanzoni mwa mwaka barua ya matokeo hutakiwa kukufikia ndani ya siku 30. Unaweza kukataa masomo hayo. Sikushauri.

Katika kikao cha IEP, sheria inaitaka wilaya ihakikishe unaelewa yanayosemwa, na hiyo ni pamoja na kuleta mkalimani. Omba mapema, kwa maandishi. Mtoto wa miaka 12 asimkalimanie mama yake habari za kaka yake. Mkalimani asipofika, si lazima kikao kiendelee. Omba kipangwe siku nyingine, na asilaumiwe mzazi.

Kuandikisha nitapita haraka. Tangu kesi ya Plyler dhidi ya Doe, 1982, mtoto hawezi kunyimwa shule ya umma kwa sababu ya hali yake ya uhamiaji. Na familia iliyojibana kwa ndugu kwa kukosa kodi ya nyumba inalindwa na sheria ya McKinney-Vento ya 1987: mtoto aandikishwe mara moja hata karatasi hazijakamilika. Kila wilaya ina mtu wa kazi hiyo, muulizeni kwa jina la sheria.

Nidhamu. Kesi ya Goss dhidi ya Lopez, 1975, ilianzia Columbus, Ohio. Iliweka msingi kwamba hata mtoto akisimamishwa masomo kwa siku 10 au chini yake, lazima aambiwe kosa lake, na akikana aelezwe ushahidi na apewe nafasi ya kusema upande wake. Zaidi ya siku 10 taratibu huwa nzito zaidi, na kwa kawaida kuna kikao rasmi. Kama mtoto ana IEP, ndani ya siku 10 za shule tangu uamuzi wa kumwondoa kwa zaidi ya siku 10, timu ikae iamue kama kosa limetokana na ulemavu wake.

Ujanja uko hapa. Simu inalia saa tano asubuhi: "Njoo umchukue, leo hana siku nzuri." Unaacha kazi, unamchukua. Keshokutwa tena. Hakuna karatasi, kwa hiyo kwenye daftari la shule hajasimamishwa hata siku moja, na zile siku 10 hazifiki kamwe. Si lazima aliyepiga simu awe mwalimu mbaya. Mara nyingi amezidiwa tu. Lakini uliza: "Amesimamishwa masomo? Kama ndiyo, naomba karatasi." Mara nyingi swali hilo peke yake linamrudisha mtoto darasani.

Waambieni watoto pia kwamba "nitakuua" ya kwetu, ile ya utani wa mpira, ikitafsiriwa Kiingereza haina utani. Wilaya nyingi zina timu ya kutathmini vitisho, ambamo hukaa mwalimu mkuu, mshauri nasaha na polisi. Kazi yake ni kutofautisha maneno ya hasira na mpango wa kweli. Ujumbe wa simu wenye bunduki ya kuchora utafika kwao. Mkiitwa, nendeni na mkalimani, na elezeni neno hilo linatumikaje kwetu.

Na usalama wenyewe. Wilaya nyingi hutumia maneno matano yanayotangazwa kwenye vipaza sauti, na ni vizuri myajue yanavyosikika. "Hold": kaeni darasani, korido iwe tupu, pengine kuna mgonjwa. "Secure": hatari iko nje, milango ya nje inafungwa, masomo yanaendelea. "Lockdown": hatari iko ndani; milango inafungwa, taa zinazimwa, watoto wanajificha kimya. "Evacuate": tokeni. "Shelter": jikingeni, kama na kimbunga. Mzazi anayepokea ujumbe wa "Secure" akadhani ni "Lockdown" ataendesha gari kama mwendawazimu, na magari ya wazazi yakijaa barabarani ambulensi haipiti. Mtoto aliyekimbia risasi kwao ataumizwa na zoezi lenyewe. Mwandikieni mshauri nasaha mkiomba mtoto aambiwe kabla ya zoezi.

Jambo likitokea kweli, watoto hukabidhiwa mahali palipotangazwa, mmoja mmoja, kwa mtu mwenye kitambulisho ambaye jina lake liko kwenye kadi ya dharura. Kwetu kadi hiyo ina matatizo mawili. Namba ya simu ni ya zamani, ile ya laini iliyokatika. Na majina: baba Mkongo ana jina lake, mtoto ana lake, hawafanani, na karani anatafuta jina la ukoo. Shangazi anayemchukua kila siku hayumo kabisa. Andikeni majina yote kama yalivyo kwenye vitambulisho, herufi kwa herufi, na mtu wa tatu asiyefanya kazi mnakofanya ninyi. Fanyeni hivyo kila Agosti na kila mnapobadilisha laini.

Nimemaliza upande wangu. Mwenye barua ya shule mfukoni aitoe, tuisome pamoja.