Mawaridi ya Oktoba

Wazee wangu shikamooni, na wenzangu hamjambo.

Leo asubuhi, kabla ya kuja hapa, nimekata mawaridi manne bustanini kwangu. Ni mwisho wa Oktoba, tuko Uingereza, majani yanapukutika, na majirani zangu wengi wameshaweka makoleo yao bandani. Hilo la kuiacha bustani mapema ndilo lililonisimamisha mbele yenu. Naamini kwa dhati kwamba mawaridi ya wakati huu ndiyo bora ya mwaka mzima.

Mwezi wa Juni ua hufunguka asubuhi, likipigwa na jua siku mbili tatu, petali chini. Sasa hivi tumba hufunguka kwa utaratibu, na likishakunjuka laweza kukaa wiki nzima. Rangi nazo hukolea, kwa kuwa kwenye ubaridi petali hutengeneza wekundu zaidi. Wenye 'Iceberg' hapa, ule mwaridi mweupe uliotolewa na Kordes wa Ujerumani mwaka 1958, kautazameni mkirudi nyumbani. Baridi ikiingia, matumba yake huona haya, yakapata wekundu mwembamba ukingoni.

Naambiwa mara nyingi kwamba mawaridi ya mwisho hayanukii. Jamani, yananukia! Harufu ya ua ni mafuta mepesi yanayopaa kwa joto, na penye baridi hujikalia ndani. Mimi huliingiza ua jikoni, nikaliweka karibu na birika la chai, na haupiti muda mrefu jikoni kote kunanukia. Hapo humkumbuka marehemu mama, Mombasa, na mrashi wake wa harusini. Marashi aliyowarashia wageni walipokuwa wakiingia yalizidi kunukia kadiri chumba kilivyojaa watu na fukuto.

Watu wa Ulaya ya zamani hawakuijua starehe hii. Miwaridi yao, karibu yote, ilichanua mara moja mwanzoni mwa kiangazi, basi, mpaka mwaka mwingine. Mwaridi mmoja wa jamii ya Dameski ndio uliorudia kidogo mwisho wa msimu. Kisha, kuelekea mwisho wa karne ya 18, ikaletwa miwaridi ya China. Kila mwaridi una jeni ya kuzuia kuchanua, ambayo hufanya kazi baada ya maua ya kwanza. Katika ile ya China jeni hiyo imelemaa, kwa hiyo mmea huchanua tena na tena hadi baridi iukatishe. Wakulima wakaichanganya na ya kwao, na mwaka 1867, huko Lyon, Ufaransa, Guillot akatoa 'La France', ambayo wengi huihesabu kuwa ya kwanza katika ukoo wa miwaridi mingi ya bustani za leo. Haya manne niliyokata yana damu ya China.

Sasa kazi. Maua ya Oktoba hutengenezwa Julai na Agosti: kila ua linaponyauka unalikata, mmea usipeleke nguvu kwenye mbegu. Mbolea ikome Agosti, kwani machipukizi mororo huungua jalidi ikishuka. Majani yenye madoa meusi yaokote yote na usiyatie kwenye mboji, maana kuvu wake hulala humo wakingoja joto lirudi.

Na kuanzia sasa, tafadhalini, wekeni mkasi chini. Acheni yanayonyauka yafanye matunda. Ndege huyafuata yale mekundu wakati wa baridi, na hata binadamu yaliwahi kumfaa: wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, machungwa yalipoadimika nchini humu, watoto walitumwa vichakani kuokota matunda ya miwaridi mwitu ili itengenezwe sharubati yenye vitamini C.

Mkasi ukiwa chini, mikono inapata nafasi. Mimi saa hizi hutoka na kikombe changu, nikasimama mbele ya ua moja mpaka chai iishe. Juni sipati kufanya hivyo, maua ni mengi na magugu yananiita.

Yale manne yako pale mezani, kando ya birika. Yalikuja hapa ya baridi, bila harufu yoyote. Nadhani sasa yameshapata joto. Karibuni mkayanuse.