Diski Inajizima: Imelazwa au Imenyimwa Umeme?

MWANAIDI: Karibuni. Leo tuna diski inayojizima yenyewe. Kompyuta inawaka vizuri, mara unasikia "tik", mota inanyamaza na skrini inaganda. Baada ya sekunde chache mota inavuma tena kama vile hakuna kilichotokea. Kaka Kheri, mtu aanzie wapi?

KHERI: Anakili mafaili yake kwenye diski nyingine. Bisibisi baadaye. Kila umeme unapokatika ghafla, vichwa vya kusomea vinakimbizwa maegeshoni kwa dharura, na diski haikuundwa kufanyiwa hivyo kila saa. Akishanakili, ajiulize jambo moja: diski imelazwa, yaani imeamriwa kusimamisha mota ili kuokoa umeme, au imenyimwa umeme? Mafundi wengi wanaliruka hili, wanakimbilia kuuza pawa saplai mpya, kile kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kompyuta.

MWANAIDI: Na jibu diski inalo yenyewe.

KHERI: Inalo. Kuna daftari lake la ndani, SMART. Kwenye Windows lifungue kwa CrystalDiskInfo, kwenye Linux andika smartctl -a /dev/sda. Kila mstari una namba yake (ID). Mstari wa namba 4 unahesabu mota imewashwa mara ngapi. Wa 12, diski imepata umeme upya mara ngapi. Wa 192 ni vichwa kukimbizwa kwa dharura.

MWANAIDI: Anayetumia CrystalDiskInfo asitafute 12 wala 192, ataikuta mistari hiyo kama 0C na C0. Hata thamani zake zinaandikwa kwa heksadesimali, yaani kuhesabu kwa kumi na sita: ukiona 1F4, hiyo ni 500. Ingia Function, kisha Advanced Feature, kisha Raw Values, chagua DEC, zitageuka kuwa namba za kawaida.

KHERI: Ziandike kwenye karatasi. Tumia kompyuta bila kuizima wala kuilaza mpaka diski ijizime mara tatu, halafu soma tena. Tuseme mstari wa 4 umetoka 812 hadi 815, wa 12 umebaki 640. Umeme haukukatika, diski imelazwa. Ila kama wa 12 umefika 643, umeme umekatika njiani mara tatu, na mara nyingi wa 192 utakuwa umepanda pia.

MWANAIDI: Tumalize la kulazwa, ndilo jepesi. Windows kwa kawaida huilaza diski ikikaa dakika 20 bila kazi. Fungua Command Prompt kama msimamizi, andika powercfg /change disk-timeout-ac 0. Kwa laputopu iliyo kwenye betri, weka dc badala ya ac. Kama ni diski ya nje, zima pia USB selective suspend kwenye Power Options.

KHERI: Kuna makasha ya diski za nje ambayo chipu yake inailaza diski kwa saa yake yenyewe, haisikilizi Windows. Hayo yanahitaji programu ya mtengenezaji. Na kumbuka, diski hulazwa ikiwa haina kazi. Ikizimika katikati ya kunakili faili kubwa, usijichoshe na mipangilio.

MWANAIDI: Na ile "tik" peke yake, mota ikiendelea kuzunguka?

KHERI: Hapo vichwa vinaegeshwa tu. Tazama mstari wa 193, C1. Diski za WD Green zilisifika kwa hilo, zinaegesha baada ya sekunde 8 tu za utulivu. Kwenye Linux, diski nyingi zinakubali hdparm -B 255 /dev/sda kuzuia tabia hiyo.

MWANAIDI: Haya, umeme sasa.

KHERI: Hapa ndipo penye kazi. Diski ya inchi 3.5 inazungusha mota kwa volti 12, na inapoanza kuzunguka inaweza kuvuta karibu ampea 2. Ikishashika kasi inavuta kidogo sana. Kwa hiyo waya mbovu unaweza kuonekana mzima siku nzima, ukaanguka pale mota inapoanza tu. Chomoa plagi ya umeme ya SATA, ile bapa inayoingia kwenye diski, uikague: plastiki imegeuka kahawia? Inanuka kuungua? Adapta za Molex (plagi ya zamani ya pini nne) kwenda SATA ambazo plagi yake imemiminwa plastiki moja na waya ni za kutupa, zinapiga shoti ndani kwa ndani.

MWANAIDI: Na vipimo?

KHERI: Maltimita kwenye DC 20. Ncha nyeusi kwenye waya mweusi, nyekundu kwenye waya wa njano, kwenye plagi ya akiba ya mkia uleule wa waya za pawa saplai unaolisha diski. Iwe kati ya 11.4 na 12.6. Waya mwekundu, 4.75 hadi 5.25. Soma mota inapoanza. Ikishuka hapo, na mkia mwingine wa pawa saplai ileile uko sawa, mbovu ni waya. Mikia yote ikishuka, badilisha pawa saplai, na usiifungue: kapasita zake zinabaki na chaji.

MWANAIDI: Kuna wanaonunua UPS, betri ya akiba ya kompyuta, kwa tatizo hili.

KHERI: Umeme wa nyumbani ukikatika inazimika kompyuta nzima, si diski peke yake.

MWANAIDI: Za nje je?

KHERI: Ya inchi 2.5 inakula kutoka poti. USB 2.0 inaahidi miliampea 500, USB 3.0 inaahidi 900, na diski ikiwaka inaweza kutaka karibu ampea nzima. Tumia kebo fupi na poti ya nyuma ya kompyuta, au habu yenye adapta yake. Ya inchi 3.5 ina adapta ya volti 12, mara nyingi ampea 1.5 au 2. Mtu akipoteza yake anachukua ya ruta, volti 12 ampea 1. Plagi inaingia sawasawa, lakini mota inaanza, inakufa, inaanza, inakufa.

MWANAIDI: Na kama mstari wa 4 na wa 12 haikusogea, lakini diski inatoweka?

KHERI: Tazama mstari wa 199, C7, unaohesabu makosa ya data njiani. Ukipanda, badilisha kebo ya data. Hesabu ya zamani haifutiki, angalia tu isiongezeke.

MWANAIDI: Kila kitu kikiwa sawa?

KHERI: Ihamishie kompyuta nyingine, na kebo nyingine. Ikijizima huko na mstari wa 12 ukapanda, shuku bodi ya saketi ya diski yenyewe. Ukitaka kuibadilisha, bodi ya modeli ileile haitoshi: katika diski nyingi kuna chipu ya ROM yenye vipimo vya diski hiyo moja tu, lazima ihamishwe. Usipoihamisha, diski itazunguka na kugonga tu, mafaili huyaoni.