Mgonjwa Haanzi na Jina la Ugonjwa

Mhadhara kwa wanafunzi wa tiba, Mtwara

Shikamooni walimu wangu mliokaa mbele. Na ninyi vijana, marahaba. Nimeombwa nizungumzie kukariri na kufikiri katika masomo ya udaktari. Nitaanza na mgonjwa, kwa sababu somo hili sikulipata darasani.

Nilikuwa kwenye mwaka wangu wa mafunzo kwa vitendo, katika hospitali moja ya mkoa wa Lindi. Ilikuwa Julai, mikorosho inachanua, na kila shamba watu wanapuliza dawa. Jioni akaletwa mkulima wa makamo. Anatapika, tumbo linamsokota, jasho limelowesha shati mpaka kwenye mkanda wa suruali. Mkewe akaniambia, "Dokta, mwenzangu huyu asubuhi katoka mzima, kaenda shamba kwa miguu yake." Kipimo cha haraka cha malaria kikasoma chanya. Nikaandika malaria kali, nikaagiza sindano ya atesuneti na dripu, nikageukia kitanda kinachofuata.

Sista wa zamu, mama mtu mzima, hakwenda kuchukua dawa. Aliniita pembeni. "Dokta, hebu mpime joto." Nyuzi 36.4. Akamfunua kope kwa kidole gumba na kunipa tochi. Mboni zilikuwa ndogo kama ncha ya kalamu. Mate yalimchuruzika shavuni hadi kwenye mto, mapigo ya moyo 48 kwa dakika, kifua kinakoroma maji. Na shati lile, nilipoinama karibu, lilinuka dawa ya wadudu.

Dalili za sumu ya viuatilifu vya jamii ya oganofosfeti nilikuwa nimeziandika kwenye mtihani mwaka uliotangulia: mate, machozi, mkojo, kuhara, kutapika, mboni kusinyaa. Nilipata alama zote. Ungeniamsha usiku wa manane ningezitaja bila kukosea. Lakini nilizihifadhi chini ya jina la sumu, na yule baba hakuja na jina. Alikuja na jasho.

Hapo ndipo penye jambo lote ninalotaka kuwaambia leo. Kitabu kinaanza na jina la ugonjwa, kisha kinashuka kwenye dalili. Mgonjwa anatoka upande wa pili. Anasema "nimeishiwa nguvu" au "mtoto hanyonyi," na jina unatakiwa ulitafute wewe. Anayepiga msuli kwa kufuata njia ya kitabu peke yake amejifunza barabara ya kwenda tu. Akishushwa mwisho wake na kuambiwa arudi, anapotea, ingawa kila nyumba aliipita.

Yule baba alipona. Alipona kwa macho ya sista.

Ngoja nibaki naye kidogo. Kwanza, kile kipimo cha malaria hakikudanganya. Kinatafuta protini ya vimelea, na protini hiyo inaweza kubaki kwenye damu kwa wiki kadhaa baada ya mtu kutibiwa. Tena katika maeneo yenye malaria nyingi kama kwetu huku, mtu mzima anaweza kutembea na vimelea bila kuumwa. Kipimo kilijibu swali moja, kwamba protini ipo au haipo. Swali la kinachomuumiza jioni ile lilikuwa langu, na mimi nikalikabidhi kwa kipimo.

Pili, matibabu. Mnajua ni atropini, dawa ya kupambana na sumu hii. Mnaongeza dozi hadi lini? Nimeuliza swali hili mara nyingi wodini, na jibu ninalolisikia zaidi ni "mpaka mboni zifunguke." Sasa acheni desa, yale maandishi ya kukariri, tufikiri pamoja. Sumu hii inazuia kimeng'enya kinachovunja asetilikolini, kemikali ambayo neva hutumia kuamrisha tezi, moyo na misuli. Asetilikolini ikirundikana, tezi zinamwaga maji, njia za hewa zinabana, moyo unakwenda polepole, misuli inachezacheza na mwishowe inalegea. Katika hayo yote, kipi kitamuua kabla ya alfajiri? Ni pumzi. Mapafu yanajaa majimaji. Basi unachofuatilia ni kifua kikauke, mapigo ya moyo yapande, na presha isimame. Mboni zinaweza kuchelewa na mgonjwa akawa salama. Aliyeelewa hivyo hahitaji kukumbuka kanuni, maana anaweza kuitengeneza upya saa tisa usiku, akiwa amechoka.

Chukueni kisukari. Kila mmoja hapa anazijua dalili tatu: mkojo mwingi, kiu nyingi, njaa nyingi. Nauliza, kati ya mkojo na kiu, kipi kinatangulia? Nasikia wengi wanasema kiu. Hapana. Sukari ikipanda kwenye damu kupita kiasi ambacho figo inaweza kuirudisha, takribani milimoli 10 kwa lita, inamwagika kwenye mkojo, na inapotoka inavuta maji. Maji yakipungua mwilini, ndipo kiu inakuja. Kuna tofauti gani? Kubwa. Nimewakuta wagonjwa walioshauriwa wapunguze kunywa maji ili wasikojoe sana. Aliyeshauri hivyo dalili tatu alizijua, lakini alizishika kama shanga zisizo na uzi.

Na hapa nina la moyoni. Tunasoma kwa Kiingereza, tunajibu mtihani kwa Kiingereza, halafu tunakutana na bibi wa Newala anayeongea Kimakonde na Kiswahili. Wengi wetu tumebeba sentensi ambazo hatukuwahi kuzifungua tuone ndani kuna nini. Jipimeni hivi: hicho mlichosoma jana usiku, mwelezeni bibi huyo kwa lugha yake, kwa nini miguu inavimba moyo ukichoka, au kwa nini dawa ya mseto ya malaria aimalize siku tatu hata kama homa imekata siku ya kwanza. Mkikwama katikati, pale mlipokwama ndipo hamkuelewa. Mimi najipima hivi mpaka leo, na bado nakwama.

Lakini asitoke mtu hapa akisema nimewaambia msikariri. Mwaka 1978 watafiti wa Marekani, Arthur Elstein, Lee Shulman na Sarah Sprafka, walichapisha matokeo ya kuchunguza jinsi madaktari wanavyofikiri mbele ya mgonjwa. Waliona kwamba madaktari huanza kukisia mapema sana, wakiwa na dhana chache tu, na kwamba aliyefanya vizuri kwenye tatizo moja si lazima afanye vizuri kwenye jingine. Akili ya kuchambua haielei hewani, inakula kile unachokijua kuhusu tatizo lile. Dozi ya dawa, mapigo ya kawaida ya moyo wa mtoto, neva 12 za kichwa, hivyo vishikeni. Mtoto akidegedeka hakuna muda wa kufungua kitabu. Fundi wa vinyago hufikiri na mti mkononi, na patasi zake anazijua kwa kupapasa.

Walimu wangu, niwieni radhi. Swali la "taja dalili tano" linasahihishwa haraka, najua mzigo wa kusahihisha karatasi 200. Ila tukiuliza "taja," tutapata watajaji, na kijana anayeogopa sapu, mtihani wa marudio, atasoma tunachouliza. Chuo Kikuu cha McMaster kule Kanada kilipopokea wanafunzi wake wa kwanza wa udaktari mwaka 1969, kiliwaweka kwenye vikundi vidogo na kuwapa tatizo la mgonjwa kwanza. Sisi hatuhitaji kubadili mtaala kesho. Tugeuze maswali mawili kati ya kumi: tumpe mwanafunzi mkulima mwenye jasho, mwezi Julai, na tumuulize angeangalia nini na kwa nini.

Leo saa nane mchana tunakutana wodini. Mafaili yote nitayaacha mezani kwa sista, hakuna atakayeyagusa. Kila mmoja atakaa na mgonjwa mmoja robo saa, atamsikiliza, atamshika mkono, atamwangalia macho. Halafu ataniambia mambo matatu anayoyadhania, na lile moja ambalo akilikosa, mgonjwa hatafika asubuhi. Njooni na tochi.