Ukimaliza Kumtetea Mungu

MWAJUMA: Mwakeye, ndugu zetu mnaotusikiliza. Na asalaam alaykum kwa wa kwetu Ujiji. Mimi Mwajuma, na mwenzangu Nestori yupo, kaja na mhindi wa kuchoma na anautafuna mbele ya maiki.

NESTORI: Nimeuweka chini, Mama Rama. Endelea.

MWAJUMA: Leo nataka tuliongelee neno moja la msibani. Mtu kafiwa, tumekaa mkekani, anaingia mtu anamshika mfiwa mkono: "Kazi ya Mungu haina makosa." Wewe uliyesoma falsafa seminari ukatoroka...

NESTORI: Sikutoroka. Niliaga.

MWAJUMA: Uliaga, haya. Neno hilo lina mwenyewe?

NESTORI: Lina wenyewe wengi. Ulaya aliyelijengea hoja hasa ni Leibniz, Mjerumani, mtu wa hesabu. Mwaka 1710 alitoa kitabu, akakiita Théodicée, neno alilolitunga mwenyewe kwa Kigiriki, Mungu na haki. Anasema hivi: Mungu anajua yote, anaweza yote, na ni mwema. Kabla hajaumba aliyaona malimwengu yote yanayowezekana, akachagua moja. Mwema mwenye uwezo hawezi kuchagua la pili kwa ubora. Basi tunaloishi ndilo bora kuliko yote yaliyowezekana.

MWAJUMA: Hili hili lenye malaria?

NESTORI: Hili hili. Hasemi malaria ni nzuri, msikilize vizuri. Anasema vitu vimefumana. Ukivuta uzi mmoja unaokukera, hujui ni nguo ipi itafumuka.

MWAJUMA: Kwetu si jambo geni. Imamu Ghazali amefariki 1111, miaka karibu 600 kabla ya huyo Mjerumani wako, na yeye aliandika kwamba katika yanayowezekana hakuna kilicho bora kuliko kilichopo. Na sababu aliyotoa ni kali, sikiliza. Kama kulikuwa na kilicho bora zaidi na Mwenyezi Mungu akakizuia, huo ni ubahili. Kama hakukiweza, huo ni udhaifu. Na yeye ametakasika na yote mawili.

NESTORI: Hapo hakuna pa kutokea.

MWAJUMA: Wapi! Wanazuoni walibishana naye karne na karne, yeye yuko kaburini. Wengine walisema, ina maana Mungu hawezi tena kuumba kilicho bora kuliko hiki? Umemfunga mikono kwa kumsifu.

NESTORI: Na Leibniz naye aliandamwa hivyo hivyo. Mwaka 1737 Wafaransa waliokuwa wanampinga wakaipachika falsafa yake jina, optimisme, kutoka Kilatini optimus, yaani bora kabisa. Sisi tukalitafsiri "matumaini", na hapo tukapotea. Mwenye matumaini anangoja kesho ipite leo kwa uzuri. Huyu anakwambia hata leo, kwa ujumla wake, hakuna kilichokosewa.

MWAJUMA: Sasa wewe hilo uliliamini?

NESTORI: Darasani, sana. Lilinipendeza kama hesabu iliyotoka bila baki. Halafu tukafika somo la Lisbon, mji mkuu wa Ureno. Tarehe 1 Novemba 1755, sikukuu ya Watakatifu Wote, asubuhi, watu wako misani. Ardhi ikatikisika, makanisa yakawaangukia waliokuwa wanasali. Waliopona wakakimbilia kando ya mto kwenye uwazi, maji ya bahari yakaja yakawazoa. Kilichobaki kikaungua siku kadhaa, na mishumaa ya sikukuu ni mojawapo ya vyanzo vya moto.

MWAJUMA: Subhanallah.

NESTORI: Voltaire, mwandishi wa Kifaransa, aliandika shairi zima kwa hasira. Hakukataa kwamba yuko Mungu. Alichokataa ni mtu kusimama juu ya kifusi akasema yote ni mema. Kusema iko siku yote yatakuwa mema, hayo ndiyo matumaini, anasema. Kusema yote ni mema leo ni kujidanganya.

MWAJUMA: Wewe unakumbuka tetemeko la 2005?

NESTORI: Sana! Desemba tano, Jumatatu, saa tisa mchana na dakika zake. Kipimo 6.8, na kitovu chake humu humu Ziwa Tanganyika. Ninachokumbuka ni vikombe. Vilianza kugongana kabatini polepole, kama mtu anahesabu hela za sarafu. Mama akaita jina langu, nami nikadhani nimekosa nini.

MWAJUMA: Sisi tulitoka nje na ushungi mkononi. Bonde hili la Ufa ndilo lililochimba ziwa, na bado linaachana taratibu. Lisingekuwapo, tungekuwa na kilindi cha mita 1,470 na dagaa wetu?

NESTORI: Umeona? Umeshakuwa Leibniz.

MWAJUMA: Ngoja, sijafika. Mwaka 2024 ziwa lilifungwa, tangu Mei 15 hadi Agosti 15, hakuna kuvua, samaki wazaliane. Mimi dagaa ndiyo kazi yangu. Taa za wavuvi kutoweka siku za mbalamwezi tumezoea, mwezi ukififia zinarudi, unaziona huko mbali kama mji mwingine. Safari hiyo mwezi ulififia, ukatoka mwingine, giza tupu. Chanja za kuanikia dagaa pale Kibirizi hazina kitu. Nilipunguza hadi sukari ya chai. Lakini sikulia, unajua kwa nini? Kwanza niliambiwa tarehe ya mwisho. Pili, aliyefunga mkanda na atakayekula ni mtu yule yule, mimi. Sasa mtoto aliyekufa Lisbon chini ya kanisa, Agosti yake ni lini?

NESTORI: Leibniz na Ghazali wote wangekujibu, Akhera. Hesabu haifungwi hapa.

MWAJUMA: Nami naiamini, tena sana. Ila mwenye kulisema hilo ni mimi, kwa maiti wangu, siku nikiweza. Asije mtu kunisemea kwenye mkeka wangu.

NESTORI: Rousseau, mwanafalsafa mwingine wa enzi hiyo, aliingilia kati pia, alimwandikia Voltaire barua 1756. Maumbile, anasema, hayakurundika pale nyumba 20,000 za ghorofa sita na saba. Yaani sehemu ya maafa tuliijenga wenyewe.

MWAJUMA: Hilo ni la kweli na ni la kuudhi. Maji ya ziwa yalipopanda wakasema vivyo hivyo, nani kawaambia mjenge karibu na ufukwe? Mvuvi akajenge wapi, mlimani? Lakini afadhali Rousseau, anakuachia kitu cha kufanya. Haya, uliniahidi kisa cha msiba. Yule mama.

NESTORI: Ah. Alifiwa na mtoto wa mwisho. Akaja mfariji, kijana msomi, akakaa mbele yake, hakuishia kwenye "haina makosa" tu, akaeleza na uzi na nguo na yote. Yule mama kamtazama mpaka kamaliza. Akamwambia, "Mwanangu, ukimaliza kumtetea Mungu, niletee maji."

MWAJUMA: Ha! Na huyo msomi alikuwa nani?

NESTORI: Unajua alikuwa nani.

MWAJUMA: Ukafanyaje?

NESTORI: Nilichukua ndoo. Bomba la pale lilikuwa halitoi, nikashuka mpaka ziwani, nikapanda nayo, shati lote limelowa.

MWAJUMA: Akanywa?

NESTORI: Alinawa uso. Akakaa kidogo, halafu akaniuliza kama nimekula.